Sikukuu ya Shule ni ya Nani?

Kwenye kilima cha Nabugoye, nje kidogo ya Mbale mashariki mwa Uganda, kuna shule ya sekondari inayobeba jina la Semei Kakungulu, yule jemadari wa Kiganda ambaye mwaka 1919 alitahiriwa pamoja na wanawe na kutangaza kwamba yeye ni Myahudi. Waliomfuata wakaitwa Abayudaya. Leo ni jamii ya watu takriban 2,000, wachache mno kati ya majirani Wakristo na Waislamu, na shule yao haimfungii mtu mlango. Watoto wa dini tatu hukaa darasa moja. Ndipo swali huzuka kila kalenda inapofika Pasaka au Sikukuu ya Vibanda: je, sherehe hizi ziwe za wanafunzi wote, au za Wayahudi peke yao?

Nimelipanga swali hilo kama mjadala wa watu watatu. Wasemaji nimewabuni, historia na sheria wanazozitaja ni za kweli. MWALIMU ni mwalimu mkuu mstaafu kutoka Bungoma, Mbukusu, Mkristo. MAMA ni Muislamu wa Mbale mwenye binti anayelala bweni. MHITIMU ni kijana wa Abayudaya. Wamekutana Malaba, mpakani, ambako Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Msimamo wangu sitauficha, na nitaingilia kati inapobidi.

MWALIMU: Nitaanza mimi, maana nimekula chumvi nyingi. Nilisoma shule ya misheni. Tuliokuwa wa madhehebu mengine tuliimba nyimbo zao, tukapiga magoti pamoja nao, na baada ya miaka miwili baadhi yetu tulikuwa tumebatizwa bila kukumbuka ni lini tuliamua. Hakuna aliyetulazimisha. Sherehe ndizo zilizotubeba: kengele, keki, nguo nyeupe, wageni. Mtoto wa miaka kumi na minne hatofautishi furaha na imani. Kwa hiyo nasema shule ifundishe hesabu na baiolojia kwa wote, na sikukuu wabaki nazo wenyewe, sinagogini kwao.

MHITIMU: Shikamoo, Mwalimu. Hilo la misheni umelitaja, nasi donda hilo tunalijua. Wazee wetu wanasimulia kwamba enzi za ukoloni njia ya kwenda shule ilipitia kanisani. Zipo familia zilizoacha Uyahudi ili mtoto asome, na zipo zilizomnyima mtoto shule ili abaki Myahudi. Tulipopata shule yetu wenyewe tulikuwa tunajua vizuri ni jambo gani hatutamfanyia mtoto wa mwenzetu. Tena dini yetu haitafuti waumini. Mwaka 2002 mamia ya watu wetu walisimama mbele ya marabi waliotoka ng'ambo, wakahojiwa, wakajizamisha majini, ili Uyahudi uliokuwa kwetu tangu 1919 utambuliwe na Wayahudi wenzetu. Walikuwa wamezaliwa humo, wakafunga na kusali humo, na bado wakapitia yote hayo. Hakuna atakayejikuta Myahudi kwa sababu alikula mezani kwetu.

MAMA: Mwalimu, mimi nakuelewa, lakini mtoto ni wangu, na nilichokiona ni tofauti. Jirani yangu wa kulia Mkristo, wa kushoto Myahudi. Mume wangu anapeleka kahawa kwenye ushirika wa Mirembe Kawomera, ule ulioanzishwa mwaka 2004 na J.J. Keki, Myahudi, akawaita wakulima wa dini zote tatu. Mizani ni moja, bei ni moja. Sasa niende shuleni niseme: kahawa tuuze pamoja, ila mwanangu asiingie kwenye kibanda chenu cha majani? Chakula chao dini yangu imenihalalishia, ni Watu wa Kitabu. Na binti yangu anaswali swala zake tano.

MWALIMU: Chakula kinahalalika, mwanangu. Lakini hebu tuanzie hapohapo jikoni. Pasaka yao ni siku nane bila chachu. Jiko la shule ni moja na watoto ni mamia. Je, asiye Myahudi anyimwe mkate wake siku nane kwa ajili ya dini isiyo yake? Huko si kushirikishwa, huko ni kufungishwa.

MHITIMU: Hapo ndipo ningependa twende polepole. Jiko la shule Uganda linapika nini? Posho na maharage. Uji asubuhi. Nafaka tano ndizo zinazoweza kuwa chachu kwa sheria yetu: ngano, shayiri na nyingine tatu za ukoo wao. Mahindi hayamo, maharage hayamo. Ni kweli, Wayahudi wa Ulaya walijiongezea mwiko, wakaacha mahindi, mchele na kunde wakati wa Pasaka. Ila mwaka 2015 kamati ya sheria ya marabi wa mkondo wa Conservative, ambao ndio walezi wetu, iliruhusu vyakula hivyo. Kwa hiyo sufuria la posho linabaki pale pale jikoni. Mtoto Mkristo hatagundua kitu isipokuwa mkate na chapati zimepotea.

MAMA: Binti yangu aliniuliza kuhusu chapati. Akasema, chapati haina hamira, mbona inakatazwa?

MHITIMU: Swali zuri, na jibu lake liko kwenye saa. Unga wa ngano ukishaguswa na maji, unaanza kuhesabu. Dakika 18. Ndani ya dakika hizo ukande, usukume, utoboe matundu kwa uma ili usifure, uuingize kwenye moto mkali uive. Ukizidisha bila kuushughulikia, sheria inauhesabu umechacha hata kama hamira haikuuona. Sasa mama, wewe chapati zako unazifanyaje?

MAMA: Nakanda, nafunika, nauacha unga ulale nusu saa ndipo ulainike.

MHITIMU: Basi hapo Pasaka imekwisha. Tunapooka shuleni, mtu mmoja anashika saa tu. Mwingine anamimina maji, wengine wanasukuma. Kwa nini tusimwache Mkristo ashike saa?

MWALIMU: Hilo la saa sina neno nalo. Lakini bweni? Nimewahi kukagua mabweni miaka mingi. Masanduku ya bati yale yana biskuti, mandazi, mkate nusu. Mnasema usiku wa kuamkia Pasaka nyumba nzima isakwe chachu. Mtafungua sanduku la binti wa huyu mama?

Naingilia kati hapa, kwa sababu swali la Mwalimu ndilo lililonifanya niandike. Sheria ya Kiyahudi inamkataza Myahudi kula chachu wakati wa Pasaka, na zaidi ya hapo inamkataza kuimiliki. Ya mtu asiye Myahudi haiihusu. Inatosha itengwe isichanganyike na ya wenyewe. Sanduku la binti Muislamu halifunguliwi. Na kuna zaidi. Ikiwa Myahudi ana chachu nyingi asiyoweza kuitupa, magunia ya ngano kwa mfano, desturi yake ni kumuuzia mtu asiye Myahudi kabla ya sikukuu kuanza. Mauzo ni halali, kwa hati na malipo, na mnunuzi akiamua kuichukua hana wa kumzuia. Kwa kawaida baada ya siku nane wenyewe huinunua tena. Mtu akiniuliza nafasi ya mwanafunzi Mkristo au Muislamu katika sikukuu za shule ile iko wapi, namwonyesha hapo. Pasaka inamhitaji jirani, tena inamhitaji kwa sifa yake ya kutokuwa Myahudi. Akigeuzwa nusu Myahudi hafai tena kwa kazi hiyo. Kwa hiyo naona hofu ya Mwalimu ina jibu ndani ya sikukuu yenyewe: ikishikwa kikamilifu, kwa masharti yake yote, inamwekea kila mtu mahali pake. Inapopunguzwa makali ili imfae kila mtu ndipo inapoanza kumbeba mtoto asikojua, kama keki za misheni zilivyombeba yeye.

MWALIMU: Nimekusikia, mwandishi. Niongeze basi la historia, maana nilikuwa nikifundisha historia. Pasaka ni kumbukumbu ya kutoka utumwani. Watoto wa Uganda wana Farao wao wa karibu. Mnamsema?

MHITIMU: Hatuwezi kukaa mezani bila kumsema. Idi Amin alipiga marufuku dini yetu. Masinagogi yakafungwa, watu wakasali kwa siri, wengi wakabadili dini kwa hofu. Tulikuwa maelfu, wakabaki mamia. Kisha majeshi ya Tanzania pamoja na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni wakaingia Kampala. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Angalia kalenda ya Kiyahudi ya mwaka ule: jioni ya tarehe 11 Aprili ndiyo iliyokuwa usiku wa kwanza wa Pasaka.

MAMA: Jioni hiyohiyo?

MHITIMU: Hiyohiyo. Kwetu hakuna mtoto asiyeijua tarehe hiyo. Na sasa, Mwalimu, niambie: hadithi hiyo ni ya Wayahudi peke yao? Amin aliwaua Wakristo, akamuua Askofu Mkuu Janani Luwum mwaka 1977. Waislamu nao waliumia, wengine kwa mkono wake, wengine kwa kisasi baada yake. Meza ya Pasaka huanza kwa mwaliko: mwenye njaa aje ale. Hausemi Myahudi mwenye njaa. Kisha mtoto mdogo kuliko wote anauliza maswali na wakubwa wanawajibika kujibu. Nikiwa kidato cha tatu, aliyeuliza mezani kwetu alikuwa ndugu mdogo wa mwanafunzi mmoja Muislamu, kwa sababu ndiye aliyekuwa mdogo.

MWALIMU: Hapo umenigusa. Ila nina wasiwasi mwingine, na huu si wa watoto wetu, ni wa kwako. Mkataa kwao mtumwa. Jamii iliyobaki mamia ikafufuka haiwezi kugawa sikukuu zake hovyo. Wageni wanakuja kutoka Marekani na kamera. Watoto wote wanavaa kofia ndogo, wote wanaimba kwa Kiebrania na Luganda, picha inapendeza. Baada ya miaka ishirini itabaki ngoma ya kuonyesha wageni.

MHITIMU: Hilo ndilo linalonikosesha usingizi, Mwalimu, na nashukuru umelisema wewe. Watu hawajui tulirudi vipi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 vijana wachache, umri wao ukiwa wa shule hii au kidogo juu yake, walihamia Nabugoye wakaishi pamoja, wakalima pamoja, wakasali pamoja, mpaka kilima kikarudi mikononi mwa jamii. Gershom Sizomu alikuwa miongoni mwao. Mwaka 2008 akapata urabi Los Angeles, mwaka 2016 akachaguliwa mbunge. Waliotufufua ni vijana walioishi sikukuu hizo kila siku, bila mtazamaji. Kwa hiyo nakubali: ikiwa mgeni mwenye kamera ndiye sababu ya kujenga kibanda, tusikijenge.

MAMA: Lakini kibanda nilikiona kikijengwa, hakukuwa na kamera. Niliwapelekea ndizi. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

MHITIMU: Basi mama ameona. Paa la kibanda lazima liwe la mimea iliyokatwa, isiwe imeshikamana na ardhi. Kivuli kizidi jua, lakini nyota zionekane. Wanafunzi wapya kila mwaka wanakimbilia chini ya mwembe kwa sababu kuna ubaridi, na kila mwaka wanaambiwa watoke: kibanda chini ya mti hakifai, kwa kuwa mti ni paa lisilokatwa. Kwa hiyo wanatafuta uwanja wazi, wanasimika nguzo, wanakwenda kuomba majani ya migomba kwa majirani. Ifikapo siku ya tatu majani yamekauka, yamejikunja, jua linapita, lazima yaongezwe. Anayejua kupanga majani ya mgomba yasianguke ni mtoto wa mkulima, dini yoyote. Na mvua za Oktoba zikishuka zikaingia kwenye chakula, sheria yetu inakuruhusu kuingia ndani. Nimeona watoto wa Kikristo wakisisitiza kubaki na sisi Wayahudi tukiwaambia, inatosha, twendeni ndani.

MWALIMU: Na mfungo? Siku ya Upatanisho?

MHITIMU: Hiyo hatumwaliki mtu. Saa ishirini na tano bila chakula wala maji ni deni la Myahudi aliye mtu mzima, hata mtoto wetu asiyefikisha umri halazimiki. Wenzetu wanaendelea na siku yao. Waislamu ndio wanaotuelewa kuliko wote. Hakuna anayefungua soda mbele yetu, kwa sababu Ramadhani sisi hatufungui mbele yao.

Niseme kidogo kuhusu London, kwa kulinganisha. Shule ya Kiyahudi ya JFS ilianzishwa huko mwaka 1732, na kuelekea mwaka 1900 ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 4,000, wengi wao watoto wa wakimbizi. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba shule hiyo haiwezi kumchagua mtoto kwa kuangalia iwapo mama yake ni Myahudi, kwa kuwa huko ni kubagua kwa nasaba. Shule ikalazimika kupima ushiriki wa ibada badala ya damu, na familia zikaanza kukusanya uthibitisho wa kuhudhuria sinagogi ili mtoto apate nafasi. Kule sikukuu ikageuka pointi za kuingilia shule. Nabugoye, ambako kila mtoto anaingia, hakuna anayepata chochote kwa kujifanya Myahudi, na ninaamini hiyo ni kinga kubwa kuliko mlango uliofungwa.

MAMA: Mimi nilitegemea kuona Hanuka, ile ya mishumaa. Jamaa yangu aliyeko New York anasema shule za Kiyahudi huko wanaifanya kubwa kuliko zote.

MHITIMU: Huko inashindana na Krismasi. Kwetu mara nyingi Hanuka inaingia Desemba shule zimeshafungwa, kwa hiyo mishumaa inawashwa nyumbani. Muhula wa kwanza unatupa Purimu na Pasaka, wa tatu unatupa Mwaka Mpya, mfungo na Vibanda. Purimu ni kelele, mavazi na kupelekeana vyakula, haina mgogoro na mtu. Shabati nayo kwetu ni rahisi. London wakati wa Desemba inaingia kabla ya saa kumi jioni, shule zinalazimika kufunga mapema Ijumaa. Hapa ikweta jua ni lilelile mwaka mzima, inaingia kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni. Vipindi vimekwisha, watu wameoga.

MWALIMU: Na sikukuu za wengine? Umeniambia namna ya kualika. Hujaniambia namna ya kualikwa. Mwaka wa shufwa ukifika, Mbale nzima iko kwenye imbalu, tohara ya vijana. Sisi Wabukusu tunalijua hilo, ni damu moja na Wamasaaba. Darasani kwenu wavulana wanatoweka, wanarudi wanaume. Mvulana wa Kiyahudi alitahiriwa siku ya nane. Hana la kwenda kutafuta kule. Anabaki mtoto machoni pa wenzake?

MHITIMU: Mwalimu, hapo ndipo penye ugumu wa kweli. Wakati mwingine, ndiyo, wanamwona hivyo. Nilicheza ngoma ya kadodi na rafiki yangu siku tatu, nikakimbia naye vijiji vyote, nikamshikia maji. Siku ya kisu nilisimama pembeni. Akaniuliza baadaye, mbona hukusimama karibu? Nikamwambia, ni siku yako. Alinielewa kwa sababu aliwahi kusimama pembeni siku yangu, niliposoma Torati nikiwa na miaka kumi na mitatu.

MAMA: Na Idi? Mwanangu hurudi nyumbani Idi, shule inampa ruhusa. Ila wenzake hawaji. Ningependa waje wale pilau. Hilo nalidai.

MHITIMU: Una haki, mama. Tumezoea kuwa wenyeji tukasahau kuwa wageni.

MWALIMU: Niulize la mwisho, na hili haliko mikononi mwa shule. Mitihani ya taifa. Mtihani ukiwekwa Jumamosi?

MHITIMU: Myahudi haandiki siku ya Shabati. Wasabato wana tatizo hilohilo, na walikwenda mahakamani kabla yetu. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu ya Uganda iliitupa rufaa ya wanafunzi wa Kisabato waliopinga Chuo Kikuu cha Makerere kuweka masomo na mitihani Jumamosi. Kwenu Kenya, mwaka 2017, Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Wasabato kwamba shule ziwape wanafunzi wao nafasi ya ibada siku hiyo. Mpaka huu tuliokaa juu yake ndio unaoamua mtoto asali au aandike.

MWALIMU: Mambo ya mahakama yaacheni. Nimepanga ratiba za mitihani maisha yangu yote. Ratiba ikishachapishwa haibadiliki, kabla ya hapo inabadilika. Andikeni barua kwa baraza la mitihani mapema, mwanzo wa mwaka, tarehe zote za sikukuu zenu zikiwa zimeorodheshwa, kwa kuwa kalenda yenu inafuata mwezi na wao hawaijui. Msiiandike peke yenu. Itieni saini pamoja na Wasabato.

MAMA: Na mchana wa Ijumaa muuandike humo humo. Binti yangu naye anaswali.

MWALIMU: Nileteeni rasimu. Nitaisahihisha mimi.